Wifi Akatazwa Kuita

Tangu msiba wa kaka yake, wifi hakuwahi kukanyaga kizingiti cha Mwewe, na siku aliyokuja alikuja na kandambili. Mwanamke yule, hata kununua kiberiti dukani alikuwa haendi bila viatu vya kisigino na mkoba wa kufanana navyo. Mwewe alikuwa kwenye cherehani anatia zipu kwenye sketi ya mtu. Akazisikia kandambili zinaburuzwa uani, asijue ni nani. Aliponyanyua macho akaona ni yule, akayashusha tena. Zipu ikiachwa katikati huenda upande.

"Hodi, wifi yangu."

"Karibu."

Hakumkaribisha kiti. Kiti kilikuwepo, kimerundikwa vitambaa vya wateja, na vitambaa vikabaki palepale.

"Wifi, Pamba amepotea," yule akasema akiwa amesimama. "Tangu juzi hajarudi. Sijala, sijalala, nimezunguka naita mpaka nimekauka. Watu wananiambia nenda kwa Mwewe, nenda kwa Mwewe, nami nikawaambia Mwewe si mtu baki, ni wifi yangu."

Wifi huyu mtaa mzima unamwita Redio, naye hakasiriki, anadhani ni sifa. Kabla hajastaafu alikuwa karani wa mapokezi hospitalini. Mtu akiingia na jipu, hajafika kwa daktari, mtaa wa pili wameshajua limeota wapi. Pamba alikuwa kijibwa chake, cheupe, manyoya yake kama yamechambuliwa, kinafungwa utepe kichwani na kulala kwenye mto wa sufi. Redio hakuolewa wala hakuzaa, na mapenzi yote aliyokuwa nayo aliyamwaga kwenye kile kijibwa. Hilo Mwewe alilijua. Tena alilijua vizuri.

Na kwa nini mtu amnyime wifi yake kiti? Ina asili yake.

Mwewe ni fundi cherehani. Kurusha droni alianza ukubwani, mvi zimeshaingia. Mumewe alikuwa dereva wa lori la kokoto, mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha vumbi. Hawakujaaliwa mtoto. Walijaaliwa Kopo. Kopo alikuwa jibwa la rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Jina alilipata kwa sababu yule bwana alimkuta bado mdogo, kichwa kimenasa ndani ya kopo la maziwa, anazungukazunguka barabarani kama mlevi. Akamkatia kopo kwa mkasi wa bati, akampakia kwenye lori, na kuanzia hapo Kopo akawa utingo. Alikaa kiti cha pembeni, kichwa nje ya dirisha. Lori likifika kwenye mizani ya machimboni, Kopo alishuka mwenyewe, akakaa kando mpaka lipimwe, kisha akapanda tena. Makarani wa mizani walikuwa wakimtania dereva kwamba huyu abiria wake ndiye mwaminifu peke yake katika kazi ile.

Kikohozi kikamchukua yule bwana. Msiba ukaja, na Redio akaja na msiba, na mabegi yake mawili, akashika funguo zote za nyumba kwa kuwa kazi ya mjane ni kulia. Kopo alilala getini, hali, hanywi. Lori likipita anainuka, anatazama, likishapita analia. Redio akasema mbwa huyu ananuka, mbwa huyu anaita kifo kingine. Mwewe hakumjibu, hakuwa na nguvu ya kumjibu mtu. Siku moja akaenda kazini kwa marehemu kuchukua vitu vyake: koti, chupa ya chai na kijipicha kilichokuwa kimebandikwa mbele ya usukani. Aliporudi geti liko wazi na Kopo hayupo.

"Umeliacha geti wazi ulipotoka," Redio akasema mbele ya watu. "Nimekuona kwa macho yangu. Mimi nilikuwa jikoni."

Mama mkwe alikuwa amekaa sebuleni. Bibi mmoja mkavu, mfupi, mwenye maneno machache, na likishatoka halirudi.

"Kitu kimoja tu chenye pumzi mwanangu ameniachia," akasema, "na huyu ameshindwa kukifungia geti."

Basi. Kuanzia siku hiyo Mwewe alipompa mama mkwe wake shikamoo hakuitikiwa marahaba. Aliitikiwa "mm." Kwenye harusi, mm. Kwenye maziko, mm. Alimpelekea uji alipolazwa, akampa shikamoo kwa magoti, mm. Mtu ambaye halijamfika atasema ni jambo dogo. Aliyenyimwa marahaba na mama wa mumewe, bila kosa, anajua jinsi ile mm inavyokaa kooni kama mwiba wa samaki: humezi, hutemi.

Alimtafuta Kopo kwa miguu. Mtaa kwa mtaa, soko kwa soko, anaita jina lile mpaka sauti ikabaki kama ya jogoo mgonjwa. Machimboni tu hakwenda, moyo ulikuwa haujaweza kuiona ile mizani. Kopo hakumpata, lakini alipata mbwa wa wengine, akawarudisha, akaanza kujulikana kuwa ni yule mama anayetafuta. Kampuni moja ya kulinda mashamba ilipofungwa wakawa wanauza vitu vyao, na kati ya vitu hivyo kulikuwa na droni yenye kamera ya kuona joto. Mwewe akauza cherehani yake ya pili na jokofu, akainunua. Watu walicheka. Mwanamke wa umri ule, miwani imefungwa kamba, anachezea kidude cha kuruka kama mtoto wa shule. Wakamwita Mwewe kwa kejeli. Akamtoa paka wa mwalimu kwenye dari la madarasa, akampata mbwa kipofu wa fundi baiskeli ametumbukia mtaroni, akawapata na wengine. Kejeli ikazoeleka ikawa jina, na jina likaota heshima.

Ile kamera haioni mbwa, inaona joto. Kwenye kioo chake, kilicho baridi ni cheusi na chenye damu ni cheupe, na kwa mbali mbwa mzima huwa kama punje ya mchele. Haioni kupitia bati wala ukuta. Na jua likishapanda haina kazi, maana mawe nayo yanapata moto, ikawa kila jiwe ni mbwa. Kwa hiyo Mwewe hurusha alfajiri, dunia ikiwa bado baridi. Na amri yake kwa mwenye mbwa ni moja, huitoa kabla salamu hazijaisha: akionekana, usimwite.

"Mbwa aliyepotea akishaogopa hupotea na masikio yake," husema. Hajui jina lake, hajui sauti yako, kila anayeita kwake ni mwindaji. Unakaa chini, unampa ubavu, humtazami, unanyamaza. Yeye ndiye anakuja. Haya Mwewe aliyajua akiwa ameshachelewa. Kopo wake alimwita mji mzima.

Kisha ikatokea siku aliitwa machimboni. Mbwa wa msimamizi alikuwa amepotea. Walipompata, mlinzi wa pale, mtu mzima mwenye koti refu, akamkaribisha chai, wakaanza mazungumzo ya mbwa.

"Kuna jibwa liliwahi kukaa hapa," mlinzi akasema. "Mimi nilikuwa mgeni hapa, makarani wa zamani wameshahamishwa. Sikio limechanika. Lililetwa na mama mmoja kwa gari la kukodi la bluu, amelifunga kamba ya kuanikia nguo. Akalishusha, akaondoka mbio. Nikalifungua ile kamba, halikwenda popote. Lilikaa pale kwenye mizani. Kila lori likija linasimama, linamtazama dereva, linakaa tena. Nilikuwa nalitupia chakula. Likala, likala, halafu likaacha. Nimelizika palepale, nikaliwekea mawe lisifukuliwe."

Mwewe akamaliza chai yake, akarudisha kikombe kwenye sinia.

"Huyo mama alivaaje?"

"Viatu vya kisigino," mlinzi akasema. "Machimboni. Nikasema, hapa pana mambo."

Wengine wangetoka pale wakaenda moja kwa moja kubomoa mlango wa mtu. Mwewe hakwenda. Angekwenda na nini? Neno la mjane mwenye kinyongo mbele ya Redio, na Redio betri zake haziishi. Akarudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani, akashona. Kila fundi ana mkasi wake mmoja wa kukatia kitambaa, haukati karatasi, hauazimwi, haushikwi na mtoto. Kisasi chake Mwewe alikitunza hivyohivyo. Alikuwa anangoja kitambaa chake.

Sasa kitambaa kilikuwa kimesimama mlangoni na kandambili.

"Amepotea vipi?" Mwewe akauliza.

"Fundi wa geti. Nilimwita atengeneze komeo, akaliacha geti wazi. Nimemwona kwa macho yangu. Mimi nilikuwa jikoni."

Mguu wa Mwewe ukasimama juu ya kanyagio.

"Jikoni," akasema.

"Jikoni, wifi. Sasa mwendesha pikipiki mmoja ananiambia amemwona Pamba anakimbia njia ya machimbo."

"Njia ya machimbo unaijua?"

"Mimi? Nikafuate nini huko. Sijaikanyaga hata siku moja."

Mwewe akakata uzi kwa meno, akaikung'uta ile sketi, akaitundika.

"Kesho alfajiri, nitawapitia na kigari," akasema. "Na mama aje."

"Mama wa nini, na magoti yale?"

"Pamba analala wapi?"

"Huo mto wake uko miguuni kwa mama."

"Basi. Mbwa hutafutwa na anayelala naye. Mama asipokuja, mimi siji."

Na hakusema uongo. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo, muulize yeyote anayeifanya. Utamu wa kisasi kilichoiva ni huo, unakula bila kuongeza chumvi.

Kigari cha Mwewe ni kikuukuu, mlango wa kushoto haufunguki mpaka dereva anyooshe mkono aufungue kwa ndani. Kuendesha alifundishwa na marehemu. Alfajiri ile walibanana watatu mbele, mama mkwe dirishani na shali lake, Redio katikati na ule mto wa sufi mapajani, kandambili miguuni maana miguu ilikuwa imemvimba kwa kuzunguka.

"Shikamoo, mama," Mwewe akasema.

"Mm."

Redio alizungumza njia nzima. Alizungumza juu ya fundi wa geti, juu ya ukoo wa fundi wa geti, juu ya dawa ya kupe. Mwewe alikuwa anaendesha tu. Alikuwa na raha yake moyoni, raha baridi, kama mtu anayejua chungu kiko motoni na yeye ndiye aliyekifunika.

Machimbo ni shimo kubwa lililochongwa kwa ngazi, kila ngazi ya mwamba ni kimo cha mtu, na chini kabisa kuna maji ya kijani yasiyojulikana kina. Juu, kando ya barabara, iko mizani ya malori na kibanda cha mlinzi, na mashine ya kusaga mawe.

"Shikamooni, mama zangu," mlinzi akasema. Akamtazama Redio usoni, akamtazama miguuni, akarudi tena usoni. Mwewe akamwona anavyokumbuka. "Fanyeni upesi. Leo mashine inawashwa mapema. Ikishanguruma, mnyama aliye ukingoni ataruka, na akiruka ni majini. Nimeshaokota mbuzi wawili mle."

Redio akashika kifua. Mwewe akamkalisha mama mkwe kwenye kigoda chake karibu na mizani, akamtaka Redio asimame nyuma yake, akaitupa droni hewani.

Kioo kikawa cheusi. Mawe yalikuwa yamelala baridi. Doa kubwa jeupe, hilo jiko la mlinzi. Doa jingine linatembea, kuku wake. Droni ikashuka ngazi ya kwanza, ya pili, na kwenye ya tatu, kwenye kona iliyoinama kuelekea majini, ikaonekana punje. Imejikunja. Mwewe akaisogeza kamera. Punje ikatanuka kidogo, ikasinyaa, ikatanuka. Inapumua.

"Umemwona?" Redio akauliza mgongoni.

"Subiri."

Akaigeuza droni, akaipandisha, akaileta mpaka juu ya mizani, na hapo akaisimamisha. Inavuma pale juu ya rundo dogo la mawe ambalo mtu angeweza kulipita mara mia asilione.

"Njoo utazame. Hapa unaona nini?"

Redio akanyoosha shingo. "Sioni kitu."

"Tazama vizuri."

"Ni mawe tu, wifi. Meusi."

"Ndiyo. Hakuna joto. Aliyelala hapo alipoa zamani."

Mama mkwe akageuka kwenye kigoda. "Nani kalala hapo?"

"Kopo, mama."

Mlinzi akawa anaangalia ncha za viatu vyake.

"Kopo alifikaje huku?" mama mkwe akauliza.

"Muulize mwanao. Mimi niliacha geti wazi."

"Mama, huyu ana kinyongo," Redio akaanza. "Tangu zamani ana kinyongo. Mimi nimekuja kumtafuta Pamba wangu, yeye ananiletea habari za—"

"Pamba nimeshamwona," Mwewe akasema. "Yu hai. Najua amelala wapi. Jua lile linakuja, likishayapiga mawe haya, kamera haina tena la kuniambia. Na huyu baba amesema mashine inawashwa. Kwa hiyo sema, wifi. Kwa mdomo uleule. Usiponiambia mimi usijali, mwambie mama."

"Wifi, nakuomba."

"Mimi sina haraka. Nimezoea kukaa."

Redio akamtazama mlinzi, mlinzi hakumsaidia. Akatazama lile shimo. Ndipo akaanza kusema, kama redio inayotafuta stesheni, kwanza mikwaruzo. Kopo alikuwa mgonjwa. Kuna mtu wa huku alikuwa anataka mbwa. Alidhani atarudi mwenyewe, mbwa si hurudi. Mama mkwe hakuitikia hata moja, alikuwa amekaa na mikono juu ya fimbo, anangoja. Na mwisho stesheni ikashika.

"Nilimleta mimi," Redio akasema. "Nilimfunga kamba ya nguo. Geti nililifungua mimi. Kile kilio chake, mama. Kila akilia getini ilikuwa kama naambiwa upya kwamba kaka amekufa. Nilitaka anyamaze tu."

Mwewe alilisikia neno hilo, na lilimgusa. Akalipangusa kama mtu anavyopangusa kipande cha uzi kwenye gauni.

"Na wewe, mkwe," mama mkwe akasema polepole, "umejua tangu lini?"

"Tangu huyu baba aliponiambia. Zamani, mama."

"Na ukakaa kimya."

"Nilikuwa nangoja."

"Unangoja nini?"

"Chake kipotee."

Yule bibi akamtazama kwa muda mrefu. Kama alichukia au alistahi, uso ule haukusema. "Mpe mbwa wake," akasema. "Mengine baadaye."

Wakashuka kwa kijia cha wachimbaji, Mwewe mbele, Redio nyuma na ule mto na kipande cha ini la kuchemsha kwenye mfuko. Ngazi ya tatu ilikuwa na utelezi na matope ya kijivu. Kijibwa kilikuwa kule konani, hatua chache tu, kichafu, utepe umening'inia sikioni, kinatetemeka.

"Kaa chini," Mwewe akanong'ona.

"Kwenye matope?"

"Kwenye matope. Mpe ubavu. Usimtazame, na usimwite."

Redio akakaa. Akaweka mto, akaweka ini. Akasahau, akatupa jicho, akakiona jinsi kilivyokonda, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Pamba. Pamba mwanangu, njoo kwa ma—"

Kijibwa kikaruka wima, masikio yamelala, kikarudi kinyumenyume kuelekea ukingo. Mguu wa nyuma ukateleza. Vijiwe vikamwagika, na baada ya kitambo vikasikika majini.

Mwewe akampiga Redio kiganja cha mdomo na kukikandamiza hapohapo. Mdomo ule. Miaka yote aliyokuwa anaitikiwa mm alikuwa anauota, na sasa ulikuwa umo mkononi mwake, una joto, unatetemeka chini ya kidole chenye sugu ya sindano. Akaushika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Neno moja tena," akamwambia sikioni, "napanda zangu juu, na wewe utabaki hapa umwite mpaka akusikie. Mimi nilimwita wangu mpaka nikatapika damu."

Alipouondoa mkono, Redio hakutoa sauti. Machozi yalimtoka yakaingia kinywani, akayameza. Akakaa kwenye matope, ubavu kwa mbwa, macho kwenye ukuta wa mwamba, amenyamaza kama hajawahi kunyamaza tangu atoke tumboni. Juu ya mwamba wa upande wa pili mstari wa jua ukaanza kushuka.

Kijibwa kikalala chini. Kikanusa. Kikatambaa kwa tumbo, kikasimama, kikatambaa tena. Kililifikia ini, kikalinusa, kikalipita. Kikaingiza pua yake kwapani mwa Redio na kubaki hapo.

Mwewe alikuwa ametamani kimkatae. Alitamani kipite mbele ya yule mwanamke kama hakimjui, kiende kwa mwingine, hata kwake mwenyewe, ili wifi aone inavyokuwa. Lakini mbwa hana kinyongo. Kinyongo ni kazi ya watu.

"Wifi," Redio akanong'ona, ameshakikumbatia, "nisamehe."

"Nyamaza. Bado hajatulia."

Walipofika juu, mama mkwe alikuwa ameshainuka kwenye kigoda, amesimama kando ya lile rundo la mawe, fimbo mkononi. Jua lilikuwa limewafikia. Mwewe akaishusha droni, na ilipokuwa inashuka Redio alikitupia jicho kioo.

"Mbona kuna kitu pale sasa," akasema. "Pale kwenye mawe. Cheupe."

Mwewe akatazama. Rundo lote lilikuwa linang'aa, refu kidogo, limejikunja kidogo.

"Ni jua tu," akasema, akakizima.

"Mkwe," mama mkwe akaita.

"Naam, mama."

"Zile shikamoo zako zote nilizoziacha chini." Akalitafuta neno kana kwamba limefichwa mbali. "Marahaba."

Mwewe hakulia mbele ya Redio, hilo lisingewezekana. Akachukua kigoda akakitia nyuma ya kigari. Akamshika mama mkwe mkono, akampandisha, akamtandikia shali magotini, akazunguka, akakaa kwenye usukani. Redio akaja mbio upande wa pili na kijibwa chake.

"Sogeeni basi nikae."

Mwewe hakuunyoosha mkono kuufungua mlango.

"Kopo alikuja huku kwa gari," akasema kupitia dirishani. "Kurudi angerudi kwa miguu, kama angeijua njia. Wewe njia unaijua."

"Kwa kandambili? Mama, unamsikia?"

Mama mkwe alikuwa anatazama mbele, kwenye barabara nyeupe ya vumbi.

"Washa gari, mkwe," akasema. "Magoti yananiuma."

Wakaondoka. Nyuma yao mashine ikaanza kunguruma, na kwenye kioo cha pembeni Redio akaonekana anatembea, mdogo, mwenye matope mpaka kiunoni, kile cheupe kimebanwa kifuani. Mwewe hakukimbiza gari. Aliendesha taratibu, ili kioo kisimpoteze upesi.

Sasa, kuna jambo Mwewe hakulipanga, au alilipanga na hakumwambia mtu. Barabara ile ni ndefu, ina watu, na kila anayemkuta mwanamke wa heshima zake katika hali ile lazima amuulize kulikoni. Na Redio akiulizwa hajui kunyamaza. Alimwambia muuza maziwa. Aliwaambia wanawake kisimani. Alianza kwa kumlaumu Mwewe kwa ukatili, lakini ukatili huo huwezi kuueleza bila kueleza mbwa aliyezikwa mizanini, na mbwa huyo huwezi kumweleza bila kamba ya nguo. Kufika nyumbani, malengelenge yamempasuka na mji mzima umeshajua geti lilifunguliwa na nani.

Jioni ile watu walikuja uani kwa Mwewe. Walikuja kumpa pole ya Kopo, msiba uliochacha kwa miaka, wakakaa mikekani kama umetokea jana. Fundi wa geti naye alikuja. Alikuwa ameshaanza kuitwa mwizi wa mbwa, akasema yeye pole yake anaitoa mara mbili. Mwewe alizipokea zote. Wapo wanaosema alizidisha, kwamba wifi ni damu ya marehemu na miguu yake haijapona sawasawa hadi leo. Wakimwambia hivyo, hujibu, "Mkuki kwa nguruwe," na haimalizii methali.

Kile kiti kimeondolewa vitambaa. Anakikalia mama mkwe, siku nyingi kuliko zile anazokaa kwake, anasogezewa mkebe wa vifungo anavipanga kwa rangi, na hamshauri mtu. Redio hupita pale kila asubuhi anamtembeza Pamba, kamba fupi, mkononi ameizungusha mara mbili. Hasalimii kwa sauti siku hizi. Kijibwa ndicho kinachovuta, kikifika kwenye kizingiti kinakaa, kinatikisa mkia, hakiondoki.

Kijibwa hupewa maji. Wifi hapewi kiti.